Blogu ya Clarisse

Kabeza, Alhamisi usiku

Tena Clarisse wa idara ya mawasiliano! Mfumo wa kupanga mafaili kwa rangi niliubuni mimi, bila kusomeshwa na mtu. Yeye kauelezea tu kwenye blogu ya ofisi: kapata pongezi arobaini na mbili, jina langu halimo hata mara moja.

Leo mkurugenzi kaniita. "Mzee wa masjala, hata blogu ni kumbukumbu. Tuihifadhi miaka mingapi?"

Nilitaka kusema mmoja, kisha ifutwe. Nikaisoma kwanza. Watu wa wilayani wanauliza, Clarisse anawajibu, wanaelewa. Mimi nikieleza, wanasinzia.

Nimeandika: ihifadhiwe daima. Ndilo jibu sahihi, lakini linaniuma. Jina lake litakaa masjalani kwangu miaka yote, na wa kulilinda ni mimi.