Wimbo Niliouchagua Siku ya Slabu

Fundi Wafula,

Leo ni Jumapili na nimekaa juu ya mbao nyuma ya saiti. Wenzangu wengine wameenda kanisani, wengine wameenda mtoni kufua. Mimi si mtu wa barua, unajua shule yangu iliishia la sita, lakini kuna jambo limetokea hapa na hakuna mtu Juba ambaye ningemweleza akalielewa lote. Ni la nyimbo. Kwa hivyo ni lako.

Kwanza kazi. Ile nyumba ya Hai Malakal uliyoiacha na ukuta mmoja imepanda. Ukuta wa upande wa barabara, ule ulioujenga kwa mkono wako, bado umenyooka vile vile na msimamizi huwaonyesha wageni kana kwamba aliujenga yeye. Mji wote unachimbwa. Watu wanarudi kutoka Kenya, wanarudi kutoka Khartoum, kila mmoja anataka chumba kabla ya kura ya kujitenga. Jua halijabadilika. Mgongo wangu pia haujabadilika, umezidi tu pale ulipokuwa.

Redio yako ile ya kadi ninayo mimi. Sikuiomba. Ulipoondoka ilikaa kwenye sanduku la misumari na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuigusa. Halafu Opio, yule Mganda wetu wa kwenye mashine ya kukoroga, akaiwasha akaweka steshoni ya mji. Ikawa ni matangazo, salamu, na zile nyimbo ambazo zinapigwa asubuhi, mchana na jioni. Siku hiyo tulipanga matofali kama watu wanaosubiri gari lililoharibika. Lado akaichomoa, akaja nayo mpaka nilipokuwa, akaiweka miguuni mwangu. "Wewe ndiye ulikuwa unazunguka naye," akasema. "Chagua."

Lado unamjua hana maneno mengi. Hata wewe ulichukua muda mrefu kupata neno kutoka kwake, na yeye ndiye mwenyeji wetu, Mbari, kabila la hapa hapa.

Nikawa mchagua nyimbo. Nilifikiri ni kazi rahisi kwa sababu nilikuona ukiifanya. Kumbe nilikuwa naona mkono tu, sikuona kichwa. Ulikuwa ukisema nyimbo za steshoni zimeshachoka kabla hazijafika kwetu, kwamba mtu wa mjengo anahitaji wimbo ambao bado una nguvu zake. Ndiyo maana Jumapili zetu ziliisha Gurei, nje ya mji, tukisimama nyuma ya vikanisa vya matete kusikiliza watu wa adungu, kile kinubi chao, mpaka mapadri wakadhani tunataka kubatizwa. Nakumbuka siku tulipomkuta yule mzee mwenye kinanda cha nyuzi tano chini ya paa la duka la chumvi. Ulisimama katikati ya njia, bodaboda zinakupigia honi. Ukasema, "Ouma, hii ni litungu. Hii ni litungu ya kwetu, imesafiri ikapoteza kitambulisho." Ukamnunulia chai, ukakaa naye bila lugha mpaka jioni, yeye anapiga, wewe unajipigapiga gotini.

Na vile ulivyonipa wimbo mpya. Hukusema jina la mwimbaji wala hukusema ni mzuri. Uliniwekea waya mmoja sikioni, kisha ukageukia upande mwingine ukajifanya unatazama kuku, ili nisiangalie uso wako nikajua niseme nini. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kutaka mawazo yangu namna hiyo.

Nimeendelea. Nikueleze nilichopata, maana najua ungeuliza hicho kabla ya habari za afya yangu. Kuna jamaa amerudi kutoka Kenya, alilelewa Kitale, anaendesha bodaboda pale soko la Custom. Anajirekodi mwenyewe chumbani, ametundika magodoro ukutani, gita moja na kompyuta ya rafiki yake. CD anaziweka chini ya kiti cha pikipiki, ukishuka anakuuzia. Anaimba nusu Kiswahili chetu, nusu Kiarabu cha Juba. Kuna wimbo mmoja kuhusu nyanya yake aliyemkuta hai baada ya miaka yote, na yeye hajui kumsalimia kwa lugha ya nyumbani, basi anamsalimia kwa kumchotea maji. Ungemkataa mwanzoni, gita lake linajikwaa. Mwishoni ungekuwa umeshuka njia nzima kumtafuta. Kuna pia watu wa Arua wanaouza samaki wakavu, mume na adungu, mke anaitikia akiwa anapanga samaki. Mke ndiye mwenye wimbo, mume hajui. Huyo sikuweza kumrekodi, alicheka kila nilipoinua simu.

Sasa nije kwenye slabu ya ghorofa.

Msimamizi alikuwa ameshaniambia wazi. "Siku ya slabu nikiona kazi imelala kwa sababu ya redio yenu, redio inaingia stoo na haitoki." Hakuwa anatisha tu. Wewe unajua slabu haingoji mtu. Konkriti ikishaanza kumwagwa lazima iende mpaka mwisho, ikisimama inashika, na inayofuata haiungani nayo vizuri. Na wewe ndiye uliyewaonyesha hapa kwamba mstari wa watu wanaopandisha karai kutoka mkono hadi mkono unahitaji wimbo. Ukiwa wa haraka wanaishiwa kabla ya saa sita. Ukiwa wa polepole karai zinarundikana chini. Nilijua nikikosea siku hiyo, basi. Redio itafungiwa na tutarudi kuwa wanaume wanaobeba vitu. Hakuna atakayetafuta wimbo tena kwa ajili ya saiti hii, na kile ulichokianza kitakuwa kimekwisha mikononi mwangu.

Kwa hivyo nilitafuta kweli kweli. Nilienda kwa Kato, yule wa kibanda cha kuchaji simu Custom, anayekujazia nyimbo kwenye kadi. Alikuwa na kitu kisicho na jina, mtu alikirekodi kwa simu huko nje ya mji, upande wa Gurei. Ngoma kubwa, watu wengi, mzee mmoja anaongoza na wao wanamjibu kama wimbi la miguu. Kato akasema, "Hii iko ya Wabari. Iko ya kucheza. Watu nachukua sana." Nikarudi nao nyumbani, nikaupima kama ulivyokuwa ukipima, nikabeba karai ya mchanga wenye maji nikazunguka ua. Mguu ulianguka pale ngoma ilipoanguka. Bega halikuuma. Fundi, nilifurahi vibaya. Nilijiambia, huu hata Wafula hakuupata.

Jambo moja tu sikulifanya. Sikumwuliza mtu yeyote mzee yule anaimba nini.

Tulianza mapema. Nikaweka zako kwanza, zile za litungu, kisha jamaa wa Kitale. Mambo yakaenda. Jua lilipopanda na mabega kuanza kushuka, nikaona sasa ndio wakati, nikauweka ule. Mstari ukaamka. Karai zikawa zinaruka. Msimamizi mwenyewe alinitazama kutoka chini akatikisa kichwa, ile ya kukubali.

Halafu karai ikafika kwa Lado na haikuendelea. Aliiweka chini kwenye ubao, polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Aliye juu yake akageuka, akasikiliza, akaweka yake. Kisha mwingine. Wenyeji wote wakasimama, mmoja mmoja, na sisi Wakenya na Waganda tukabaki tumeshika karai tunatazamana. Chini Opio anapiga kelele, "Nini sasa? Konkriti nakauka, nyinyi nasimama kama nguzo?" Msimamizi akaanza kupanda ngazi.

Nikaruka kwenye redio kuizima. Lado akanishika mkono. Si kwa nguvu.

"Khali," akasema. Acha. "Huu hauzimwi katikati. Huu ni wa kumaliza matanga. Ukishaanza unaufikisha. Ukiukata, yule mtu anabaki njiani." Halafu akanitazama, na hakukuwa na hasira yoyote usoni mwake, alikuwa anauliza tu kama unavyouliza kwa adabu ukikuta watu wamekaa nje ya nyumba. "Nani amekufa?"

Ningesema ni makosa. Ningesema ni Kato aliyeniambia ni ya kucheza. Mdomo ulisema, "Fundi."

Kwa sababu ni kweli. Homa ilikuchukua haraka, tukaupandisha mwili wako kwenye pikapu ya kwenda mpakani Nimule kukiwa bado na giza, wawili wakaenda nawe mpaka Bungoma, na sisi tuliobaki hatujafika hata kunawa lori la mchanga likaingia. Tukashusha mchanga. Ndivyo tulivyokuzika sisi wa huku. Hakuna aliyekaa chini kwa ajili yako Juba. Hakuna aliyenyoa. Kesho yake uliitwa marehemu na kazi ikaendelea, na mimi nilikuwa nimekasirika muda wote huo bila kujua nimemkasirikia nani.

Lado aliuachia mkono wangu. Akavua kofia, akaiweka juu ya konkriti ile kwenye karai, sijui kama alijua anaiweka wapi. Akaanza kupiga mguu. Wenyeji wakamzunguka pale pale juu ya mbao, wanaruka kwa pamoja, na mbao zote zikawa zinaitika chini yao. Na sisi wengine tukaingia. Sijui kucheza kwao, nilifuata kisigino cha aliyekuwa mbele yangu. Nililia, Fundi, sitakuficha, na sikuwa peke yangu. Msimamizi alifika juu. Alikujua. Akasimama pembeni akiwa ameshika kalamu yake.

Ila Opio ndiye ningependa ungemwona. Alipanda na koleo, akawa anakwenda karai moja baada ya nyingine, anaikoroga isishike, anarudi, anaikoroga tena, machozi na simiti usoni, na huku anaitikia maneno ambayo hajui hata moja.

Wimbo ulikuwa mrefu. Sijawahi kuona wimbo mrefu hivyo. Ulipoisha Lado alichukua kofia yake, ilikuwa imeharibika, akaitazama akaivaa hivyo hivyo. "Khalas," akasema. Basi. "Sasa tupandishe." Tukapandisha bila wimbo wowote, na hatukuwahi kupandisha vile. Jioni slabu ilikuwa imefika ukutani.

Tulipotoa mbao za chini tuliona mstari mwembamba, pale tulipokomea. Hauna ubaya, fundi mkuu aliugonga kwa nyundo akasema umeshikana. Msimamizi aliutazama kisha akaniambia plasta itaufunika. Nikangoja aseme kuhusu redio. Alikuwa ameshaanza kushuka ngazi aliposema, bila kugeuka, "Wimbo wa Kibari ukiupata, mpitishie Lado kwanza." Ni hayo tu. Redio haikuingia stoo. Leo iko hapa kando yangu.

Sasa Lado ndiye anatembea nami Jumapili. Hasemi, lakini anakuja. Juzi alinipeleka Gurei kwa mzee mwenyewe, yule anayeongoza kwenye ule wimbo. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza jina lako. Halafu jina la baba yako, halafu mto wa kwenu unaitwaje. Kwenye wimbo kuna mahali anapoitwa aliyekufa, na kule kwenye simu ya Kato pana jina la mtu mwingine, mtu wa watu. Mzee akasema si vizuri wewe kupita kwa jina la mwenzako. Akawaita majirani, ngoma ikaletwa, wakauimba upya, na pale mahali pake akakuita. Alilitamka vibaya kidogo. Nililirekodi hivyo hivyo, na sikumrekebisha.

Krismasi nitakuja nyumbani. Mama Nafula mkeo ameshaambiwa. Nitaleta redio, nitaiweka juu ya udongo wako, na nitauacha ule wimbo ulie mpaka mwisho hata mvua ikinyesha, hata watoto wakicheka. Baada ya hapo sitakuja tena na maneno ya huzuni, nitakuletea nyimbo mpya tu, kila nikirudi, wimbo mmoja ambao hujawahi kuusikia. Nitaiwasha kisha nitageuka nitazame kuku wa Mama Nafula, ili usione nataka useme nini.

Lala, Fundi. Huku matanga yako yameshamalizwa vizuri.

Ni mimi wako,
Ouma