Mkono wa Tela Uliokataa Kona

Nyumba ya Nyuma,
Geti la Bluu.
Jumapili, tarehe 8.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwanza, ndipo uendelee kusoma. Barua zako mbili ziko juu ya kabati, na kila nikipangusa vumbi naziona zinanitazama. Miezi mitatu si mchezo. Sikukusahau. Nilikuwa nasubiri nipate habari nzuri ya kukuandikia, na habari nzuri imegoma kuja, basi pokea hii iliyopo.

Mgongo unaendeleaje? Na kifua cha mkeo kimetulia? Sisi huku wazima. Mjukuu wako Kidoti ana meno manane na anayatumia yote. Mimi nimechoka, lakini ni uchovu wa mwenye mtoto, usije ukakosa usingizi kwa ajili yangu.

Sasa tela. Ile uliyoiunda kwa mikono yako na kuniachia pamoja na mashua ulipohama. Naomba usome polepole, maana nimeurefusha mkono wake.

Ilianza na kazi. Zahanati ya ng'ambo ya bwawa inataka mtu wa kuwavusha wauguzi asubuhi na kuwarudisha jioni. Muuguzi mkuu alinikumbuka tangu enzi zile nilipokuwa nakushikia usukani. Tangu Kidoti azaliwe sijashika kitu kisichohitaji kuoshwa au kubembelezwa, Mjomba, kwa hiyo unaweza kujua nilivyojibu. Kazi inaanza Jumatatu ya tarehe 23. Nisipofika siku hiyo, kuna mwenye mashua mwingine ameshajipanga mlangoni kwao.

Shida ni kwamba bwawa limepungua. Pale pa kushushia mashua sasa ni mteremko mrefu wa tope, na mashua haziruhusiwi kulala majini, kila siku lazima zirudi nyumbani. Nilikwenda kujaribu. Kabla mashua haijagusa maji ya kutosha, gari la jirani lilishazama magurudumu ya nyuma, na bomba la moshi likaanza kutoa mapovu kama sufuria ya uji. Jirani ni dereva mstaafu, mtu wa heshima zake. Siku hiyo alinena maneno nisiyoweza kuyaandika kwa mjomba.

Ndipo nikamwita fundi wa kuchomelea, yule tunayemwita Cheche. Tukapima pale pale bwawani: mkono wa tela, lile bomba la mbele linaloshika gari, uongezwe mita moja na nusu. Cheche alifanya kazi nzuri, nakiri. Hakuunga kipande kwa kipande. Alitoa bomba lako lote akaweka jipya refu linalokwenda hadi chini ya boriti ya pili. Alitaka kulifunga kwa bolti. Mimi ndiye niliyesema achomelee, kwa sababu mkweo, baba Kidoti, alinipigia simu kutoka huko melini kazini akasema bolti zinalegea na zinaibiwa. Nikasema choma, akachoma.

Kazi yote ilifanyika hapa uani, tela ikiwa imesimama mahali pake. Tulipima bwawani, tukapima gari, tukapima mashua. Hakuna hata mmoja wetu aliyepima kona ya hapa nyumbani.

Unaikumbuka kona ile yenye nguzo ya tangi la maji. Tela haipiti. Inakosa sentimita arobaini. Tumeisukuma watu sita, tumeinyanyua, tumeibembeleza. Kuisimamisha wima haiwezekani, nyaya za umeme ziko juu yake. Na kwa urefu huu inakaa uani kwa namna moja tu: mkono umeelekea getini hadi kugusa nguzo, na nyuma yake imebanana na mlango wetu. Nafasi iliyobaki ni shibiri moja na nusu. Mimi napita ubavu, nimebana pumzi, Kidoti nimemtanguliza mkononi kama trei ya chai. Nikienda kuanika nguo nne narudi na mikwaruzo minne.

Sijakwambia bado lililo baya. Mama mkwe alikuwa amekuja kwa siku tatu. Wakati Cheche anachomelea na sisi tunaisukuma tela huku na huku, yeye alikuwa amejilaza chumbani, mchana. Kuamka, yuko ndani. Unamjua mwili wake, Mungu amzidishie. Madirisha yana nondo. Nilimwekea kigoda avuke kwa juu. Akakitazama kigoda, akanitazama mimi, akarudi kukaa. Leo ni siku ya kumi na moja.

Vyumba viwili, Mjomba. Mtoto, mama mkwe na mimi, na harufu ya rangi ya tela dirishani. Kila mtu anajua dawa: kata. Mkweo anasema kata, mkono urudi ulivyokuwa. Dereva naye anasema kata, halafu anacheka. Hata mimi juzi, Kidoti alipolia tangu alfajiri, nilimwita Cheche aje na mashine yake. Lakini nikikata, narudi topeni, na tarehe 23 mwingine anavusha wauguzi wangu.

Cheche alipofika aliniambia kuna njia nyingine. Tukate, lakini kwa akili: kipande cha mbele kivae bomba kubwa kidogo kama mguu unavyovaa soksi, kifungwe kwa pini mbili. Nyumbani nakichomoa, tela inapita kona kwa kusukumwa. Barabarani nakirudisha. Ila bomba la kuvalia la kipimo hicho huku halipo, amezunguka maduka yote ya chuma. Na asikate kabla halijafika, kwa sababu anataka kukatia juu ya kipimo cha bomba lenyewe.

Nikamwangalia mama mkwe. Nikajua yeye ndiye mwenye haki ya kusema. Cheche naye akasimama dirishani na mashine yake, akamuuliza, "Mama, nikutoe?"

Akasema, "Mimi nimelea watoto sita ndani ya chumba kimoja. Wewe kijana, zima hicho kidude chako. Bomba lisubiriwe."

Halafu akanigeukia: "Lakini huyo mjomba wako asilete uvivu."

Basi nimeyafikisha kama yalivyo. Sikulilii shida, Mjomba, nakuomba kazi ya kunitafutia hilo bomba. Uko karibu na wauza vyuma, na basi la mizigo linachukua siku nne. Nikipata kufikia tarehe 18, Cheche anahitaji siku mbili.

Nisalimie mkeo, na binti yako mshonaji, mwambie gauni la Kidoti limeshamkaa magotini. Msalimie pia yule rafiki yako wa karakana anayejua kila kitu, ila hili la kona usimwambie. Mungu akuachie milango wazi, wa mbele na wa nyuma.

Mpwa wako akupendaye, aliyekawia tu kuandika,
Mama Kidoti.

Vitu nimeviweka mwisho makusudi, uikate orodha hii uende nayo dukani:

Bomba la mraba la kuvalia, urefu sentimita sitini, ukuta wake milimita tano. Ndani liingie bomba la sentimita saba na nusu bila kucheza. Jaribu kwa mkono, usimwamini muuzaji.

Pini mbili za chuma, unene milimita kumi na sita, na vibanio vyake. Ongeza kibanio kimoja cha akiba, Kidoti anameza vitu.

Waya wa taa za nyuma, mita mbili. Ule wa zamani haufiki tena.

Futi yako ya chuma, ile ndefu. Safari hii napima kona kwanza.

Na uzi wa kufumia wa mama mkwe, wa kijani. Amemaliza wote aliokuja nao, mtoto sasa ana sweta nne na joto hili. Tuma vibunda viwili tu. Vikiwa vitatu atajua hatutoki.