Zipu Iliyokwama Ukweni

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Keko hatujambo, ila mbuzi katafuna shuka la bibi yako. Unauliza mbona suruali zangu zote ni za vifungo.

Enzi za Mwingereza, mjomba alinipeleka Temeke wakwe wanitazame kabla ya kuijibu posa. Nilivaa suruali ya zipu, ya kwanza mtaani kwetu. Mlangoni zipu ikakwama wazi. Nikavua kofia, nikajifunika nayo mapajani.

“Kijana, kichwa wazi mbele ya wakwe?” akafoka baba wa binti.

Mara nyuma ya pazia kikasikika kicheko cha msichana, ukarushwa mshumaa.

“Mwambieni aisugue nao hiyo zipu, itateleza!”

Mzee akashusha pumzi. “Kumbe binti keshamchungulia! Basi tena, mwozesheni.”

Bibi yako anakusalimu, na bado anacheka.

Babu yako