Kwa Mkuu wa Kundi la Familia

Gihundwe, Rusizi
Jumatatu

Kwa kaka yangu mkubwa mpendwa, Yaya Ntabaza,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa nyumba nzima. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kigali, wewe na watoto, na kwamba mgongo wako umeshatulia. Sisi huku hatujambo. Maman anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kugombana na majirani bado anayo. Mvua imetunyeshea vizuri na maharage ya nyuma ya nyumba yameota.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshasema kumi na umeshakata. Karatasi huwezi kuikatisha, labda uichane, na ukiichana nitaandika nyingine. Kwenye kifurushi hiki utakuta pia ile simu uliyonipa mwaka jana, pamoja na chaja yake. Nimeizungushia kitambaa isivunjike kwenye basi. Usishtuke, ni nzima. Soma kwanza.

Unajua kwamba kwaya ya wanawake wa Mibirizi iliniletea kazi ya sare. Ni wanawake ishirini na wanane, wembamba, wanene, wawili wajawazito, na mmoja bega lake limeshuka upande. Kiongozi wao, Maman Nyiramahoro, hajui utani. Alitaka nguo zote ziwe tayari kabla ya sikukuu ya parokia, na akaniambia wazi kwamba nikishindwa atazipeleka kwa fundi mwingine wa mjini Kamembe. Kazi kubwa kama hiyo sijawahi kuipata tangu nianze kushona. Nikiipoteza, nabaki kuwa mtu wa kubadilisha zipu na kupunguza suruali.

Sasa, kuna programu kwenye simu ambayo unaiandikia vipimo vya mtu, kifua, kiuno, urefu wa mkono, nayo inakuchorea vipande vya kukata. Nguo tatu za kwanza inakuchorea bure. Ukitaka zaidi, unalipia humo humo ndani. Nilichora tatu, nikazikata, zikawakaa vizuri ajabu, hata yule wa bega. Nikaingiza kadi yangu ya benki, nikabonyeza kununua. Simu ikaniambia ombi langu limetumwa, nisubiri ruhusa. Nikadhani ni benki ndiyo inayosita. Nikasubiri siku mbili nzima nzima, kitambaa kimelala mezani.

Siku ya tatu nikaenda kwa Isimbi, yule binti anayetengeneza simu karibu na soko la Kamembe. Aliangalia kama mtandao upo, ulikuwepo. Akaangalia kadi, ilikuwa sawa. Akaitoa programu na kuirudisha, akaizima simu na kuiwasha, hakuna kitu. Mwishowe akaingia kwenye akaunti yenyewe, akaniuliza mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni: "Maman, mbona hii simu inasema uko mutoto wa myaka kumi?"

Yaya, watu walicheka mpaka dereva mmoja wa moto, hizi pikipiki za abiria, akavua kofia yake ili acheke vizuri. Mimi niliyezaa mara tatu! Isimbi hakucheka. Alinionyesha pole pole kwamba aliyefungua akaunti hiyo aliandika kuwa nilizaliwa mwaka 2015, akaniweka kwenye kundi la familia, na kwamba kila ninachotaka kununua kinaenda kwanza kwa mkuu wa kundi akubali au akatae. Jina la mkuu lilikuwa lako. Nilikumbuka ile siku ulipoileta simu, ukakaa nayo kwenye kiti cha sebuleni nusu saa, ukaniambia nisijisumbue, unanitengenezea kila kitu.

Bado sikukasirika. Nilisema moyoni kwamba umekosea, kidole kimeteleza. Nikatuma ombi tena, ukakataa. Nikatuma tena, ukakataa. Ndipo nikakupigia, na wewe ukaniambia kwamba hayo ni mambo ya batoto ya kula pesa za bantu, kwamba Maman alishona miaka thelathini kwa sentimita na chaki, na kwamba mwaka huo uliuandika kwa makusudi ili nisidanganywe. Kisha ukakata. Hapo nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo ninapoandika.

Sijasahau ulichotufanyia. Tuliporudi kutoka Bukavu, ni wewe uliyebeba karatasi zetu zote kwenye mfuko mmoja, za ubatizo, za shule, za kila mtu, ukalala ukiwa umeulalia. Hakuna hata moja iliyopotea. Ila tangu siku hiyo hujaufungua huo mfuko umpe mtu chake. Kitambulisho changu kilikaa kwako miaka miwili. Hati ya kiwanja cha Nyakarenzo sijui hata rangi yake. Nilinyamaza kwa heshima, kwa sababu wewe ni mkubwa. Lakini kushona ni kazi yangu, Yaya. Huko hujawahi kunisaidia hata kutunga uzi kwenye sindano.

Kwa hiyo nilirudi kwa Isimbi. Alinieleza kwamba simu ile haiwezi kunitambua kama mtu mzima bila neno lako la siri, na mimi sikutaka kukuomba. Alikuwa na simu ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, lakini inafanya kazi. Nikamshonea gauni, akanipa simu. Akaunti niliifungua mwenyewe kwa mkono wangu, jina langu, mwaka wangu wa kuzaliwa, neno langu la siri. Neno lenyewe nililisahau kabla sijafika nyumbani, nikarudi, tukaanza upya. Cheka tu. Nilipobonyeza kununua, hakuna aliyeulizwa. Iliandika kwamba nimelipa, basi.

Sikuficha kosa langu, na wewe sikufichi. Vipimo vya mwanzo vilibaki kwenye akaunti ya zamani, nikaviingiza upya kwa haraka, na sikuona kwamba programu kwenye akaunti mpya ilikuwa inahesabu kwa inchi. Mikono ya kwanza iliyotoka ingemtosha mtu mwenye urefu wa mnara wa kanisa. Kitambaa nilichoharibu nilikilipia mimi. Nikatafuta mahali pa kubadilisha, nikaweka sentimita, nikaendelea. Sikumpigia mtu kuomba ruhusa ya kukosea.

Siku ya sikukuu wanawake ishirini na wanane waliimba Mibirizi wamevaa kazi yangu. Maman Nyiramahoro aligeuza pindo, akalikagua, akasema nguo za watoto wa komunyo pia nizichukue mimi. Maman yetu alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nahesabu vifungo, ila nakwambia ukweli, nilifurahi sana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mkeo Reine alipokuja kututembelea na watoto mwezi uliopita, aliniona nikinunua, akaniuliza ninafanyaje. Akanieleza kwamba mara tatu ameomba kununua kwenye simu yake masomo ya provizwari, ile leseni ya muda ya udereva, ya kujifunza alama za barabarani, na mara tatu umemkatalia, ukimwambia gari lina dereva tayari. Nilimwonyesha mahali palipoandikwa kutoka kwenye kundi. Mimi sikubonyeza, alibonyeza yeye. Maman aliyekuwa anamenya viazi akauliza kama na yeye uliyemwingiza kwenye kundi anaweza kutoka, maana anataka Biblia inayosoma kwa sauti, macho yake yamechoka. Naye akabonyeza. Alhamisi iliyopita Reine alifanya mtihani wa provizwari na amefaulu. Aliogopa kukuambia, nikamwambia anipe mimi hiyo kazi.

Najua kwamba juzi ulimpigia Maman ukilalamika kuwa simu yako imeharibika, majina ya watu wako yamefutika, na kwamba utaipeleka kwa fundi. Usiipeleke. Haina tatizo. Tumetoka wenyewe, kila mmoja kwa kidole chake, na hakuna anayetaka kurudishwa. Jina langu bado liko kwenye hiyo simu ninayokurudishia. Lifute wewe, maana ni wewe uliyeliandika.

Wasalimie watoto wote, uwabusu kwa ajili yangu. Maman anakusalimu na anakukumbusha dawa ya mgongo. Ukija huku karibu sana, kitanda chako kipo na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, hazikosi. Reine usimpe salamu zangu, maana siku hizi tunaongea kila siku.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Mukeshimana Dative