Becky na Mtamba Wangu

Mama Khisa, uko? Nimelipiza.

Yule Becky wa mtaa wa Section 58, anayefundisha wanawake kwa simu watii bwana kama zamani, amekuja hapa Dundori kujirekodi live kwa boma langu. Ananiona na jembe, anaambia watu wake wanaotazama, "Huyu ni mathe wangu wa kazi."

Wa kazi. Kwangu!

Akasema yeye hukamua kila asubuhi, bwana anywe chai. Nikampa ndoo, nikamwonyesha mtamba.

Akavuta, akavuta. "Mathe, mbona haitoi?"

Nikasogelea simu. "Kitendawili."

"Tega."

"Wawili wako zizini. Mmoja hajazaa na anakamuliwa. Mwingine hajaolewa na anafundisha ndoa."

Mama Khisa, watu wake walitegua kabla yake.