Jaruba Juu ya Kitanda cha Kapteni

Mama Kulwa wangu,

Huku Ikola ziwani mimi mzima, ila nimelowa. Mashua ninayopikia inaitwa katamarani: ni mashua mbili zilizounganishwa kama maksai kwenye nira, tanga liko katikati. Madirisha ya vyumba yako juu ya paa, yanatazama mbinguni. Ukiyafunga unaiva kwa joto, ukiyafungua mvua inaingia. Kapteni akaniambia nitafute dawa, la sivyo nirudi nyumbani Mwamkulu.

Nikafanya ninachokijua. Nikasonga ugali mgumu, nikajenga tuta pana kuzunguka dirisha lake, kama la jaruba letu la mpunga, nikalipigapiga kwa mwiko mpaka likanyooka. Mvua ikaja mchana, yeye amelala, dirisha wazi. Tuta halikuvuja hata tone. Maji yakajaa humo ndani, yakakosa pa kutokea ila dirishani, yakamshukia yote.

"Umejenga nini huko juu?" akauliza, bado kalala majini.

"Jaruba, kapteni."

Akafikiri kidogo. "Na mpunga unapanda lini?"

Mke wangu, miaka yote nimezuia maji yasitoke. Kuyazuia yasiingie sikuwahi kufundishwa.

Hakunifukuza. Ule mwavuli wako wa maua ulionitilia begini kwa nguvu, nikasema mwanaume hatembei nao, ndio nimeushika juu ya dirisha lake sasa hivi, naye anakoroma. Tuta wamekula samaki.

Wasalimie Kulwa na Doto. Mwandiko ukikusumbua nivumilie: mkono mmoja ni wako, huu mwingine ni wa kapteni mpaka mvua ikatike.

Baba Kulwa