Dume wa Majivu Tuliyemchinja

Tata,

Leo nimepata nguvu ya kukuambia. Siku ya matanga yako tulimchinja bata mzinga wako, dume wa mwisho. Watu walijaa uani hadi barabarani, na baba mdogo, ndugu yako, akasema mtu kama wewe haagwi kwa maharage. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Nililia, lakini sikumwachia, nikidhani ninakuheshimu.

Kesho yake majike wako watatu walizunguka uani wakimtafuta, ndipo nikaelewa nilichofanya. Miaka yote uliwalinda bata mzinga hao wa rangi ya majivu, huku Kolwezi nzima ikitaka weupe wazito wa mashamba makubwa. "Ile nyeupe, ukiikoholea tu inakufa," ulikuwa ukisema. Na serikali ilipotuamuru tuache majina ya Kizungu, turudie ya asili, ulicheka: "Sisi tunageuza majina, lakini hii dindon yangu ni authentique, ya asili kabisa, tangu zamani."

Nakumbuka ukirudi kazini, vumbi la mgodi hadi kwenye kope. Ulikuwa ukiiga mlio wa dume pale mlangoni, naye anakujibu kabla ya mama. Mama alikuwa akikasirika kwelikweli.

Basi nikapanda treni hadi Lubudi kutafuta dume wa mbegu hiyo, kwa yule mama mjane uliyempa jozi zamani. Njia nzima niliogopa kwamba ameshawala. Alinipeleka nyuma ya nyumba, na huyo hapo dume, majivu matupu, kifua mbele.

"Tata yako alinikatazaka kumuchinja," aliniambia, "hata Noeli."

Niliona haya, Tata. Mtu baki alikutii, mimi niliyezaliwa nyumbani kwako sikukutii. Hata hivyo aliniazima dume wake, nikasafiri naye nimempakata.

Juma hili wameanguliwa vifaranga tisa. Hawajui kula, kama ulivyonionya. Nawakatia majani ya kitunguu na yai la kuchemsha, nagonga sahani kwa kidole kama ulivyokuwa ukigonga, nao wanadonoa. Hapo ndipo ninapokukumbuka hadi nashindwa kuinuka.

Wakikua, jozi moja itakwenda Fungurume kwa dada, na nyingine kwa yule mama, pamoja na dume wake. Hawatakaa tena wote katika ua mmoja.

Pumzika, Tata. Wanangu nimeshawaambia: siku yangu ikifika, wageni watakula ugali wetu wa bukari na maharage, na asiyeridhika arudi kwake na njaa yake.

Binti yako